Seva isiyo na mwenyewe ilivyotaka kunifuta kazi hapa Ganjoni

Wakuu, salaam aleikum, na wasiokuwa wa salaam habari za mchana.

Nimekaa humu miaka nasoma nyuzi za wenzangu na kucheka peke yangu kwenye feri. Leo zamu yangu. Elimu ya kumdanganya mtu sina, niliishia darasa la saba, kwa hivyo mtakayosoma ndiyo yaliyonipata, sijaongeza chumvi wala ndimu.

Na majina nitayataja. Mmoja wao kaniomba nimfiche. Ndiye nitakayeanza naye.

Anaitwa Fauz.

Lakini kwanza mnijue mimi. Naitwa Kombo, umri hamsini na mbili, nalala Likoni na riziki yangu iko kisiwani Mombasa. Bandarini Kilindini nimefanya kazi miaka kumi na tisa, karani wa tali. Kwa wasiojua, ni yule mtu anayesimama juani na daftari, kila mzigo ukishuka melini anauandika: una alama gani, wa nani, unaenda wapi. Zikaja mashine za kuskani, tukaambiwa asanteni. Wengi tuliotoka pamoja wameshachoka, wengine wameshazikwa.

Mimi nipo. Uchungu ninao, siufichi, lakini nipo.

Nikapata kazi kwa Bi Salma, mwanamke wa Mji wa Kale, mwenye kampuni ndogo ya software hapa Ganjoni. Ghorofa ya pili, chini kuna duka la vipuri. Wanatengeneza system ya kuwasaidia clearing agents, mawakala wa kutoa mizigo bandarini, kujua kontena lao limefika wapi. Ofisi nzima tuko watu saba. Mimi nafungua, napika chai, napeleka makaratasi Kilindini, na kuna wakati nilikalishwa mbele ya kompyuta nijaribu system kama mteja, kwa vile mambo ya bandari nayajua.

Hilo la mwisho lishikeni. Nitalirudia kwa aibu.

Sasa Jumatatu moja Bi Salma akaniita ofisini kwake.

"Bwana Kombo, kaa kitako."

Wakuu, mtu aliyewahi kupunguzwa kazi huisikia ile sauti kabla ya maneno. Na chai yake ilikuwa imepoa, hajaigusa.

Akasema hataki nisikie kwa watu. Bili ya cloud imepita kodi ya ofisi. Amemwita mtaalamu kutoka Nairobi, mtaalamu kaangalia vitabu kwa saa mbili, kanywa chai yangu vikombe vitatu, kisha kapendekeza mtu mmoja apunguzwe. Na mtu huyo si developer.

"Ni mimi," nikasema.

"Mwisho wa mwezi," akasema, macho yake yako dirishani.

Huyo mtaalamu jina lake silijui, ndiyo pona yake.

Mwingine angelia. Mimi nikauliza, maana nilikuwa sina cha kupoteza: hiyo cloud ni kitu gani hasa, kinachokula kuliko watu?

"Ni kompyuta za watu, ziko mbali, sisi tunakodi. Kila saa mashine ikiwaka, tunalipa."

"Zote ni za wateja?"

"Za wateja ni chache. Nyingi ni za majaribio. Wakitengeneza kitu wanakijaribu huko kwanza, wasije wakamharibia mteja."

"Na wakimaliza kujaribu, nani anaziondoa?"

Hapo ndipo akaikumbuka chai yake.

Pale pale nikaisikia harufu ya Kilindini. Bandarini kontena likishushwa unapewa siku chache za bure, zikiisha kila siku linapokaa unalipia. Nimeona matajiri wakifilisika si kwa mzigo mbaya, bali kwa mzigo uliokaa yadi hakuna aliyekuja kuuchukua. Kila mtu kwenye kampuni anadhani mwenzake keshaenda.

"Bi Salma, nipe wiki hii moja nihesabu mzigo."

"Utahesabu nini, Bwana Kombo? Wewe kompyuta unaibonyeza kwa kidole kimoja!"

"Karani hana haja ya kujua kilichomo ndani ya kontena. Anataka kujua la nani."

Akacheka, mara ya kwanza siku ile. Akamwambia Fauz anichapie orodha.

Fauz ndiye mkuu wa developers. Fundi kwelikweli, hilo simnyimi, na Ijumaa kanzu yake imenyooka kama karatasi. Ila ana ile dharau ya kistaarabu, anakutukana na bado anakwita ami.

"Ami, hii si orodha ya sokoni lakini," akaniambia.

Akanipa karatasi tatu. Mashine arobaini na moja.

Watu saba, wakuu! Na wanaoandika programu ni wanne tu!

Majina nayo. Biriani-1. Biriani-2. Biriani-mpya. Biriani-mwisho. Biriani-mwisho-kabisa. Pilau-test. Mahamri-moto. Nikadhani nimepewa menyu ya harusi.

Nikatoa daftari langu, nikapiga mistari kama zamani: alama, mwenyewe, kazi yake, siku ya kuondoka. Nikaanza meza hadi meza.

"Biriani-2 ya nani?"

"Sijui, ami."

"Biriani-mwisho?"

"Hiyo tuliimaliza mwaka jana."

"Mmeimaliza na inawaka?"

"Iko tu."

"Na biriani-mwisho-kabisa?"

Fauz akakuna kichwa. "Hiyo ndiyo ya kwanza, ami."

Hapo ndipo nilipouona ugonjwa wenyewe. Haukuwa wizi, wala si ujinga, maana vichwa wanavyo. Ni kuoneana haya.

Ofisi yetu ina adabu kupita kiasi. Kitu cha mwenzio hukigusi, na kumuuliza huwezi, ataona unamsimanga. Huyu akiona biriani-2 inawaka anasema bila shaka ya Fauz. Fauz anasema itakuwa ya Mutua. Mutua ni mtu wa Machakos, lakini Mombasa imemlea mpaka katuzidi sisi kwa heshima, naye anasema nitamuuliza vipi mkubwa wangu. Miezi inapita, wanapishana na ile mashine kama mtu na mkwewe kwenye ngazi.

Mimi haya za aina hiyo zilinitoka bandarini.

Mwisho wa hesabu, mashine kumi na moja hazina mwenyewe. Nikasema zizimwe.

"Na kama kuna kitu muhimu ndani?" Fauz akauliza.

"Sijasema uzifute. Funga lango tu. Mwenye mzigo atakuja kupiga kelele mwenyewe."

Akazima kumi. Ya kumi na moja, inaitwa mjaribu-01, akagoma. Ilikuwa kubwa kuliko zote.

"Hii sithubutu. Kwa ukubwa huu ni ya Bi Salma."

"Umemuuliza?"

Akaniangalia kama nimemwambia aingie jikoni kwa watu bila hodi.

Basi ikabaki inawaka.

Jumatano asubuhi kelele zikaja. Mutua ana mteja kwenye simu, anataka kumwonyesha kitu kipya, skrini nyeupe.

"Nani amezima pilau-test?"

"Jana nimekuuliza, umesema huijui."

"Nilijua ni ya Fauz!"

"Lakini unaitumia?"

"Kila Jumatano, mzee! Kila Jumatano!"

Ikawashwa haraka, mteja akaambiwa ni mtandao. Mtandao wa Mombasa hubeba lawama nyingi zisizo zake. Mimi nikaandika: pilau-test, mwenyewe Mutua. Siku ile chai yangu hakunywa, alishuka akanywa kwa mama wa barabarani. Zile tisa nyingine hakuna aliyezililia mpaka leo.

Alhamisi nikamnunulia Mutua bhajia, tukapatana, nikamuuliza swali lililokuwa likinikera.

"Mimi nikifunga ofisi nazima taa, nazima AC, birika nalichomoa. Hizi mashine za majaribio zikibaki zinawaka usiku, zinamngoja nani?"

Akatafuna. Akasema, "Hakuna mtu."

"Na Jumapili?"

"Hakuna mtu, mzee."

Akaenda mezani, kabla ya chakula cha mchana keshaandika kitu kinachoziamsha saa mbili asubuhi na kuzizima saa moja jioni. Jumapili haziamki kabisa. Mwenye haraka yake aiwashe mwenyewe, na ikifika saa yake inazimika tena. Kumbe kazi yote ilikuwa ya asubuhi moja! Wameisubiri miaka miwili.

Fauz kuona vile na yeye akaingiwa na wivu. Nikamuuliza kwa nini mashine za majaribio ni kubwa sawasawa na za wateja.

"Ili zifanane, ami."

"Hii inatumiwa na watu wangapi?"

"Mutua."

Akacheka mwenyewe kabla yangu. Ni sawa na kuchukua lori la kontena uende nalo soko la Marikiti kununua fungu la dania. Akazipunguza, nyingine nusu, nyingine robo.

Kisha akagundua la kwake. Kumbe mashine ikizimwa, diski yake bado inalipiwa, kama mtu aliyehama nyumba na kuacha makabati kwenye stoo ya kukodi. Na kulikuwa na diski ambazo mashine zake zilishakufa zamani, zimebaki mayatima, kila mwezi zinalipiwa. Hizo Fauz alizifuta kwa hasira kana kwamba si yeye aliyeziacha.

Ikaja Ijumaa. Watu wamerudi kutoka msikitini, tumekula, Bi Salma katoka ofisini kwake kuja kuona daftari. Mimi nimesimama kama siku zangu za bandari. Mistari yote imejaa isipokuwa mmoja.

Nikamuuliza mbele ya watu, maana nilikuwa sina haya na mwisho wa mwezi unakuja.

"Bi Salma, mjaribu-01 ni yako?"

"Yangu mimi? Mimi hata barua pepe mwanangu ndiye hunifungulia!"

Fauz akageuka rangi. Akaketi, akafungua, akatafuta nani aliingia mara ya mwisho. Akasoma. Akanitazama. Akajiuma mdomo.

"Ami," akasema polepole. "Ni wewe."

Wakuu, lile nililowaambia mlishike, lileteni sasa.

Nilipokalishwa kujaribu system kama mteja, Fauz alinitengenezea mashine yangu peke yangu, akaijaza kontena za uongo maelfu ili nione mambo kama ya kweli. Ndiyo maana ilikuwa kubwa. Nikajaribu siku nne. Miwani yangu ikavunjika, nikasema macho yananiuma, nikarudi kwenye chai. Hakuna aliyeniuliza kama nimemaliza. Fauz alishasahau, nami sikujua ina jina wala kama kuna kitu cha kuzimwa. Nilifunga laptop nikajua imekwisha.

Ilikuwa ikiwaka tangu siku hiyo, mwaka na zaidi. Idi inawaka. Krismasi inawaka. Inamngoja Kombo arudi na miwani.

Bi Salma akatoa simu, akapiga hesabu yake, akapiga tena. Akaniwekea mbele. Kwa mwezi mashine ile ilikuwa inakula mshahara wangu mzima, na nauli ya tuktuk juu.

Yaani nilikuwa nafutwa kazi ili mashine yangu ibaki kazini.

Fauz hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa. Wiki nzima nimezunguka na daftari nikiwataja wenzangu, na shahidi mkubwa nimejiletea mwenyewe. Mtu mwingine angeniambia basi, Kombo, mwisho wa mwezi usingoje.

Bi Salma akaiweka sawa mikunjo ya buibui lake, akasema:

"Kumbe nimeajiri Kombo wawili. Mmoja anapika chai na kuuliza maswali. Mwingine halali, hafanyi kazi, na analipwa zaidi. Mmoja ataondoka leo. Chagua wewe, Bwana Kombo."

Nikachukua kalamu. Mjaribu-01. Mwenyewe: Kombo. Kazi: hana. Siku ya kuondoka: leo.

Fauz akanisogezea laptop. Nikaizima kwa kidole kile kile kimoja.

Ofisi ikapasuka kwa kicheko, Mutua akapiga meza mpaka chai ikamwagika. Nikaifuta mimi, kwa raha zangu. Kazi yangu ile.

Mwisho wa mwezi umeshapita. Bili iliyokuja ilikuwa chini ya nusu ya ile ya kwanza, na Bi Salma aliibandika ukutani karibu na kalenda. Mimi bado nafungua ofisi. Kila Alhamisi baada ya alasiri nazunguka na daftari, na hakuna mashine ya majaribio inayozaliwa bila jina la mwenyewe na siku ya kuondoka. Fauz siku hizi akitaka mpya anakuja na adabu zote, kama mtu anayetoa mzigo bandarini: "Ami, naomba gate pass." Namkalisha kidogo kabla sijasaini. Kidogo tu.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba pesa zetu hazikuliwa na mwizi. Zililiwa na heshima, na kila mtu kudhani kwamba kitu kikubwa lazima kina mkubwa wake. Kama kampuni yako inalia na cloud, kabla hujamwita mtaalamu na kabla hujamgusa mtu wa chai, tafuta mtu mmoja asiye na haya, mpe daftari, azunguke akiuliza hii ya nani. Na usishangae jina lako likiwa la mwisho kwenye orodha.

Nimewataja Fauz, Mutua na Kombo, hakuna aliyesalimika. Sasa uwanja ni wenu. Kwenu huko kuna nini kinawaka hakina mwenyewe?

Anayechangia aanze kwa kujitaja yeye.