Gemu ya Mawe ya Mwalimu Halake

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa duka la redio na kompyuta hapa Isiolo alinipa bisibisi, akanionyesha benchi la wateja. "Unaona hao? Kila dakika wanakaa hapo, wanakuchukia." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Basi nikawa mtu wa haraka. Nilipelekwa tawi la Oldonyiro kufufua kompyuta zilizojaa vumbi, nikarudi mjini kuwa Fundi Mkuu mimi mwenyewe, na kote huko sikuvumilia kitu cha polepole, mtu wala mashine. Wasichana niliowafundisha waliniita Mama Chapchap nikiwapa mgongo. Nilikuwa nawasikia.

Mwaka wa mwisho kabla ya kustaafu alikuja Talaso, binti wa Mwalimu Halake, aliyefundisha hesabu miaka mingi. Mzee alikuwa amepata kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea, maneno yakawa yanatoka moja moja, na kila aliyekuja kumjulia hali alimmalizia sentensi. Akaacha kuongea kabisa.

"Kitu alikuwa anapenda ni ile mchezo ya mawe," Talaso aliniambia. "Lakini hapa hakuna mtu anaijua."

Mchezo wenyewe ni Go. Mwalimu alifundishwa na mhandisi wa visima aliyekaa Korbesa zamani. Mnaweka mawe meusi na meupe kwa zamu penye makutano ya mistari, kila mmoja akizungushia eneo lake. Simu ilimshinda kwa sababu kidole kilitetemeka kwenye kioo, kwa hivyo Talaso alileta gemu kuukuu ya mkononi, yenye vibonyezo vikubwa.

Niliipakia programu ya Go. Taabu ilikuwa prosesa, ile sehemu inayopiga hesabu. Kabla ya kuweka jiwe, programu hujichezea kimyakimya mamia ya michezo ya kubahatisha mpaka mwisho, kisha huchagua hatua iliyoshinda mara nyingi. Kwenye kompyuta ni kufumba na kufumbua. Kwenye ile gemu, weh! Nilipunguza ubao kutoka mistari kumi na tisa hadi tisa, na bado kila jiwe lilichukua dakika tatu. Niliona haya kumpa mteja kazi kama hiyo, lakini nikampa.

Mwalimu akacheza kila siku barazani. Talaso alisema ameanza hata kuitisha chai. Nami, kwa kiherehere changu, nikaitisha ile gemu nikamalizie kazi. Nilipunguza michezo ya kubahatisha hadi ishirini tu, ikawa inajibu papo hapo. Nilijiona mjanja kweli.

Siku ya tatu Talaso akarudi. "Salaam aleikum, Fundi. Abba amekataa kuishika. Amenyamaza tena."

Nilienda mwenyewe. "Mwalimu, imeharibika? Ni betri? Ama imekuwa rahisi kushinda?" Akainua mkono wa kushoto, nikafunga mdomo.

"Hai..." alisema. Nilitaka kumsaidia, akanikazia macho. Akapangusa mate, akaanza upya. "Hai... ni... ngoji."

Aki niliumia. Nyumba nzima ilikuwa na kitu kimoja tu kilichochukua muda kama yeye, na mimi ndiye niliyekiondoa. Nilitoa laptopu palepale, nikarudisha zile dakika tatu.

Sasa nimestaafu. Mwalimu amenifundisha Go, nacheza naye barazani, na ile gemu tunaiwasha nikiwa na safari. Bado natamani kumrukia maneno, sitawadanganya. Juzi niliweka jiwe, akaliangalia, akaanza, "Fundi... hiyo... mkono..." Nikajua anataka kusema nimeweka mkono pabaya, jiwe langu limekwisha. Nikanyamaza. Chai ikapoa.

"...yako... inatetemeka... tangu... lini?"

Hakuna mtu alikuwa ameona, hata watoto wangu. Nilichukua muda mrefu kumjibu. Aliningoja.