Poda Niliyojipaka Chini ya Macho

Namshukuru Mungu, Baba wa rehema, aliyeniamsha leo nikiwa na pumzi, na kumbukumbu, na mkono ambao bado unaweza kushika kalamu. Sifa ni zake kabla ya neno langu lolote.

Nakumbuka siku moja ya soko hapa Uvira, mwanangu, nilipotoka nyumbani nimefunika uso kwa kitenge kana kwamba naogopa vumbi. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Sikuogopa vumbi. Nilikuwa nakwenda kutafuta kitu cha kufichia weusi uliokuwa chini ya macho yangu.

Nimeikumbuka kwa sababu juzi nilimwona binti wa jirani amekaa mlangoni, simu yake mkononi kama kioo, anajipaka chini ya macho, anafuta, anajipaka tena. Nilitaka kumwambia neno, lakini nikapita. Ndiyo maana ninakaa kuandika, kwake na kwa kila binti atakayesoma.

Mimi ni mzaliwa wa Nyakabere. Niliolewa nikaletwa Songo, mtaa huu wa Uvira, na mume wangu alikuwa mwalimu kule Katogota. Alikuwa akirudi Jumamosi na kuondoka Jumatatu. Siku nyingine zote nilikuwa peke yangu katika nyumba ya vyumba viwili. Nilipopata mimba ya kwanza nilifurahi, kwa sababu nilijua upweke ule una mwisho.

Mtoto alizaliwa na hakulia.

Enzi zile kwetu, mtoto ambaye hakulia hakuwekewa matanga. Wanawake wawili wa ukoo wa mume wangu walimfunga katika kitambaa, wakamzika kimya, wakarudi, wakanipa uji. Hakuna aliyewasha moto uani, hakuna aliyelala chini pamoja nami. Waliniambia, "Wewe bado kijana, Mungu atakupa mwingine." Hawakuwa watu wabaya. Waliniambia yale ambayo nao waliambiwa. Mume wangu alikuja Jumamosi, akakaa karibu nami bila kusema, na Jumatatu akarudi kwa wanafunzi wake.

Tangu hapo usingizi ulinikimbia, na macho yangu yakaingia ndani. Chini yake pakawa peusi kama nimepakwa masizi. Asubuhi moja, kwenye bomba la maji, mwanamke mmoja aliniangalia, kisha akaongea kwa sauti ili wote wasikie.

"Weye, mwalimu anafundisha hata nyumbani? Naona amekuandikia juu ya uso!"

Walicheka. Nilishtuka, mwanangu. Mume wangu hakuwahi kuniinulia mkono. Sasa jina lake lilikuwa linachafuka kwa sababu ya macho yangu, nami sikuweza kueleza ukweli, maana ukweli wenyewe ulikuwa ni kitu kisichosemwa. Nikaona dawa ni moja tu, kuficha.

Sokoni nilimkuta mama mmoja mnene aliyetandika mafuta, poda na vioo vidogo juu ya gunia. Nilichukua mara moja kopo la poda nyeupe kuliko zote. Akanishika mkono.

"Iyo hapana yako. Iko ya wale weupe."

"Nataka nyeupe. Ninafunika kitu cheusi."

"Unafunika nini?"

"Usingizi," nilisema.

"Aa! Usingizi hatuuzishe hapa, mama. Basi leta jicho moja tuone."

Akanipaka ile nyeupe chini ya jicho la kushoto na kunipa kioo. Nilikuwa kama mtu aliyeanguka kwa nusu uso ndani ya unga wa muhogo, na weusi wenyewe ulikuwa umegeuka rangi ya majivu, mbaya kuliko mwanzo. Tulicheka sote wawili. Namshukuru Mungu kwa kicheko kile, kilikuwa cha kwanza tangu msiba wangu.

"Sikiliza minye," alisema, yaani nimsikilize yeye, huku akinifuta kwa pindo la kitenge chake. "Weusi haukimbie weupe. Unakimbia wekundu." Akachukua rangi ya mdomo, akagusa kidogo tu kwa ncha ya kidole, akaisambaza chini ya jicho hadi ikabaki kama kivuli cha tofali. Kisha akajaribu poda tatu juu ya shavu langu, moja baada ya nyingine, palepale juani, mpaka moja ikapotea kabisa ndani ya ngozi yangu. "Ile unayoona, siyo yako. Ile inapotea, ndiyo yako."

Nilipojitazama tena, weusi haukuwepo. Nilimwona kwenye kioo msichana ambaye hakupatwa na kitu.

Sasa nikueleze desturi yetu, upate kuelewa kosa langu. Kila Alhamisi alasiri tulikutana kusali katika shirika, yaani jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa wetu. Sala ikiisha, mama kiongozi alisimama mlangoni na kuagana na kila mmoja, akimtazama usoni. Mwanamke wa kwetu hakusema shida yake mbele za watu. Ilikuwa juu ya wengine kuiona. Yule aliyeonekana ana uso mzito, kesho yake aliwaona wanawake watatu au wanne wanaingia uani kwake na unga na sabuni, wanaketi, wanafagia, wanapika. Hawakumuuliza kitu mpaka aseme mwenyewe. Wengi niliowajua waliponywa hivyo.

Na mimi nilikwenda shirika nikiwa na poda yangu.

Mama kiongozi aliitwa Mama Felista. Alinitazama, akatabasamu. "Ee, bibi arusi wetu amerudi! Uso unang'aa." Akamgeukia aliyenifuata.

Kesho yake nilifagia ua mara mbili. Nilitandika mkeka. Nilisikia sauti za wanawake zinakuja, nikasimama, na sauti zikapita kwenda nyumba ya nne, kwa mama aliyekuwa na mtoto mwenye surua. Nilikaa juu ya mkeka ule peke yangu mpaka jua likaingia nyuma ya mlima.

Ikawa hivyo Alhamisi baada ya Alhamisi. Ningeweza kunawa uso nikaenda hivyohivyo, lakini niliogopa yale maneno ya bombani. Nilijificha, na palepale nilikasirika kwamba sionekani. Hata sala ikakauka. Nilimwambia Mungu, "Na wewe pia umepita mlango wangu." Siku moja wanawake wa shirika waliniita twende pamoja kwa mwanamke aliyefiwa na mama yake. Nilibeba unga kichwani, nikakaa katikati yao, nikamshika mkono yule mfiwa, nikaimba. Nilikuwa natamani kuwa yeye. Hebu fikiria, mwanangu, kumwonea wivu mtu aliye msibani.

Wakati wa kurudi nilibaki nyuma na Mama Felista. Sijui nguvu ilitoka wapi. Nilisimama njiani nikamwambia, "Mama, kwangu mbona hamkuja?"

Akageuka. "Kwako kuna nini, binti yangu?"

Nilichukua ncha ya kitenge, nikailowanisha kwa mate kama mtoto, nikajifuta jicho moja, kisha la pili.

"Nilisimama mulangoni nikakutazama kila wiki," alisema polepole. "Uliniletea uso wa mutu mwingine. Minye ningekuja kumufariji nani?" Nilianza kulia, naye akanishika bega. "Lakini na minye nimekosa. Nilikuona na tumbo. Halafu nikakuona bila tumbo na bila mutoto. Niliona, nikajifanya sikuona, kwa sababu poda yako ilinirahisishia."

Alinivuta tukaketi juu ya jiwe kando ya njia, wenzetu wakiendelea mbele. Ndipo akauliza kitu ambacho hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza.

"Alikuwa kijana ao musichana?"

"Msichana."

"Ulimuita nani?"

Mtoto ambaye hakulia hapewi jina. Lakini mimi nilikuwa nimempa, ndani kabisa, na sikuwahi kulitamka hata nikiwa peke yangu. Nililitamka pale, mara moja. Mama Felista akalirudia mara tatu katika sala fupi, akimkabidhi kwa Mungu kama Mkristo anayezikwa mbele ya watu wote. Jioni hiyo hiyo alikuja kwangu na jamvi lake, akalala chini pamoja nami, siku tatu.

Mama Felista amekwisha kwenda kwa Bwana. Mume wangu naye amekwenda, bila kuniuliza jina lile, nami bila kumwambia, na hilo ndilo ninalolitubu mpaka leo, kwa sababu sasa naamini lile lililomfungia mdomo ndilo lililonifungia mimi. Watoto niliojaliwa baadaye wako mbali, mmoja Bujumbura, wengine mbali zaidi. Hapa Songo najisalimia mwenyewe asubuhi nyingi. Sinung'uniki. Mungu aliyenipa siku tatu zile amenipa vingi.

Basi, mwanangu, sikukatazi kujipaka. Jaribu rangi juani, uchague ile inayopotea ndani ya ngozi yako, nenda kazini, nenda arusini, uwe mzuri. Lakini awepo mtu mmoja anayekuona ukiwa umenawa. Mchague mapema, kabla ya msiba, na ikiwa hakuoni, mwambie. Usimngoje kwenye mkeka. Na wewe unayewatazama wengine mlangoni, usiridhike na uso unaong'aa. Uliza. Ukijua mtu amepoteza mtoto, muulize jina lake.

Mungu aliyemwona Hajiri jangwani, wakati hakuna mwingine aliyemtazama, akuone na wewe unayesoma. Akupe usingizi mwema. Akuletee mtu mlangoni, na ukimfungulia, akupe ujasiri wa kusema. Amina.