Mdomo wa Gobori Ulipogeuzwa

Nilimpiga na kijiti cha kushindilia baruti, kwanza begani, halafu mkononi, halafu sijui wapi tena. Kilikuwa cha mti. Kingekuwa cha chuma ningemvunja, na nisingejuta. Nyuma yangu binti yangu alikuwa analia, birika kubwa la chai limetobolewa ubavuni, maji ya moto yanamwagika kwenye mkeka wake, na yule mwanaume bado ameshika gobori langu.

Mambo yalianzia salon, mjini. Nilikuwa namsuka dada mmoja Mkenya, mwalimu wa chuo kikuu, akaniambia Jumamosi yeye huenda kulenga shabaha kwa gobori, ile bunduki ya zamani inayopakiliwa mdomoni mwa mtutu. Nikamwambia mimi bunduki nimezikimbia Kongo, sina haja ya kuzifuata huku. Akacheka.

"Mdogo wangu, ulizikimbia kwa sababu wengine ndio walizishika. Njoo ushike wewe."

Nikaenda. Kiwanja kilikuwa vilimani, mbali kidogo kupita mtaa wa Cato Manor. Alinifundisha polepole: baruti unaipima kwa kikombe chake, humimini kutoka kwenye chupa, kitambaa chenye mafuta, goroli ya risasi juu yake, unashindilia mpaka ikae, fataki, kile kifuniko kidogo cha kuiwasha baruti, inawekwa mwisho kabisa. Kisha unakaa mezani, unalaza mtutu juu ya mfuko wa mchanga, unabana pumzi. Mara ya kwanza moshi ulinifunika, kitako kikanisukuma bega, nikanuka yai bovu mpaka nyumbani. Nikapenda. Mwenye nyumba anayegonga mlango kwa teke, wale wanaonitukana kwenye teksi wakinisikia naongea, wote niliwapakia mle ndani, nikawashindilia, nikawatoa kwa moto.

Sheria moja kule haina mchezo. Fataki ikilia na risasi isitoke, hutikisiki. Baruti inaweza kuwa inaungua kimya ndani. Mdomo unabaki kwenye shabaha, na hakuna anayekugusa mpaka muda upite.

Siku ile fataki ililia, risasi haikutoka. Nikatulia, shavu kwenye kitako. Mwanaume wa meza ya jirani, ambaye tangu nifike alikuwa ananiagiza chai kama vile nimeajiriwa pale, akasimama akasema wanawake wa kwetu wangebaki na kinu na mchi.

"Mzee, usiguse," nikamwambia, macho mbele.

Akaninyang'anya gobori. Akageuka nalo kuelekea banda la chai, awaonyeshe wenzake nilivyokosea. Binti yangu alikuwa amekaa pale kwenye mkeka. Likalipuka mikononi mwake.

Waliponitoa juu yake, alikuwa anajipangusa damu ya mdomo.

"Eish, huyu mkimbizi iko na wazimu. Imekufa chai tu."

Kuna waliocheka. Mguu wa mtoto wangu ulikuwa umebabuka, na kuna waliocheka. Mwenyekiti wa kiwanja akanivuta pembeni, akasema nimwombe mzee radhi, yaishe hapo hapo, la sivyo nisikanyage tena. Dada wa Kenya akawauliza ni nani aliyegeuza mdomo wa bunduki. Kila mmoja akaanza kukunja vitu vyake.

Nikaandika barua mwenyewe, salon, mtoto mapajani na bandeji mguuni. Dada akataka anilainishie maneno. Nilimkubalia atoe "mshenzi", hilo tu. Nikaipeleka kwa kamati kwa mkono wangu, nikasimama pale mpaka katibu akaisoma na kuitia sahihi ya kuipokea. Ilisema hivi:

"Namlalamikia mwanachama wa meza ya jirani. Alininyang'anya gobori lililokuwa bado kulipuka, akaelekeza mdomo kwa watu, risasi ikampita mtoto wangu ikatoboa birika, maji yakamchoma. Nataka asishike bunduki tena kwenye kiwanja hiki. Ni kweli nilimpiga. Nilimpiga baada ya risasi kutoka, si kabla. Radhi siombi. Jumamosi nitakuja, na meza yangu naitaka."