Dola ya Mjane na Ukwaju wa Makungu

Hakuwa na kioo cha kukuzia. Hakuwa na glavu za pamba, wala mizani ya gramu, wala kile kitabu kinene cha bei ambacho wenzake hukipakata kama mtoto mchanga. Hakuwa na cheti chochote kupita cha darasa la saba, alilolimalizia Pemba. Hakuwa na gari, hakuwa na chumba cha ziada, hakuwa hata na droo yenye kufuli. Na hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba sarafu ya kale haioshwi.

Hilo la mwisho ndilo lililomponza Makungu Faki, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa, msafishaji wa mabasi hapa Birmingham.

Saa nane mchana yumo kazini, katika yadi moja ya mabasi upande wa Perry Barr. Basi la ghorofa linaingia limejaa tope la mvua ya asubuhi. Analizunguka na brashi ya mpini mrefu, analimwagia maji, analifuta. Likishakuwa safi anarudi nyuma hatua tatu kulitazama. Anaona alama ya kidole kwenye kioo cha dereva. Anarudi kuifuta.

"Miaka kumi na minane nafanya kazi hii," anasema. "Nikiona uchafu, mkono unakwenda wenyewe. Kwa basi, hiyo ni sifa."

Analipwa pauni kumi na mbili na nusu kwa saa. Kodi ya nyumba ikishatoka, na umeme, na fedha za mama yake kule Pemba, kinachobaki ni kidogo. Hata hivyo, kwa miaka sita amejinyima hadi akanunua dola nne za Kimarekani za madini ya fedha, zile kubwa za zamani ziitwazo Morgan, zenye uso wa mwanamke upande mmoja na tai upande wa pili.

Anazo sababu mbili za kuzipenda. Bibi yake alikuwa akivaa shingoni sarafu kubwa ya fedha, na kila inapokaribia Idi aliisugua kwa ukwaju mpaka ikatoa nuru. Sababu ya pili ni kwamba huyo Morgan aliyezichora alisomea sanaa katika mji huu huu kabla ya kuhamia Marekani.

"Nilipoambiwa hivyo nikaona, basi, na mie nina haki nazo kidogo," anasema, na kwa mara ya kwanza anatabasamu.

Dola hizo ndizo zilizomwingiza katika kikundi cha watu saba wanaokutana Jumapili moja kila mwezi, katika chumba cha nyuma cha mkahawa mmoja wa Balsall Heath. Wamo Wazanzibari, Wakenya na Wasomali. Hawauziani. Wanalo sanduku la mbao lenye vitundu, na kila mmoja hutia humo sarafu yake moja aipendayo. Sanduku huzunguka nyumba hata nyumba, wiki mbili kila nyumba, ili asiye na uwezo wa kuwa na dola nyingi azitazame za wenzake kwa nafasi yake. Ndani mna daftari. Ukimaliza kutazama, unaandika ulichokiona, unampelekea anayefuata.

Sanduku halina kufuli. Wanaaminiana.

Mwezi wa pili mwaka huu lilifika kwa Makungu likitoka kwa Mumbua, muuguzi mstaafu anayeishi Great Barr, Mkenya, mjane. Mumbua alikuwa ametia dola ya mwaka 1889, aliyoachiwa na marehemu mumewe, Bethuel. Makungu alilifungua sanduku, akaiona, akasikitika. Sarafu ilikuwa imefifia, pembezoni ina weusi, na ndani ya weusi mna zambarau na buluu kama mafuta yaliyomwagika barabarani.

"Nikasema, maskini mama wa watu, mume kafa na hana wa kumsafishia vitu vyake," anaeleza. "Nikataka nimfurahishe."

Alikwenda dukani akanunua ukwaju. Aliuloweka, akachukua mswaki mpya, akaisugua ile dola kwa saa nzima, taratibu, kama alivyomwona bibi yake. Ilipong'aa akaikausha kwa kitambaa laini, akairudisha kwenye kitundu chake. Katika daftari hakuandika neno juu yake. Alitaka iwe zawadi ya kushtukiza.

Kutoka kwake sanduku lilikwenda kwa Dalmar, dereva wa teksi mwenye asili ya Garissa, mdogo kuliko wote na mgeni kuliko wote. Dalmar hakuwa ameiona dola ile kabla. Aliandika kwamba ya Mama Mumbua ndiyo inayong'aa kuliko zote, akalirudisha sanduku mkutanoni.

Jumapili ile Makungu alivaa koti lake la harusi. Alikaa akimtazama Mumbua anavyofungua sanduku, na tabasamu analo tayari. Alikuwa akingoja aulizwe nani kaing'arisha, ili ainue mkono.

Na kweli Mumbua aliuliza. Lakini aliuliza akiwa ameketi ghafla, na dola imo kiganjani.

"Nani ameiosha? Nani ameosha pesa ya Bethuel?"

Ndipo Makungu alipojifunza, mbele za watu, jambo ambalo wote waliliona dogo mno kuandikwa popote. Ule weusi haukuwa uchafu. Ni vazi linalofumwa na hewa kwa zaidi ya miaka mia moja, na wajuzi huitambua sarafu kwalo. Likivuliwa halirudi. Dola ya Mumbua sasa ina mikwaruzo ya mswaki ambayo hata asiye na kioo cha kukuzia anaiona, na thamani yake haizidi sana ile ya fedha iliyomo ndani yake.

Mkono aliokuwa tayari kuuinua, Makungu aliukalia.

Daftari lilisomwa. Aliyeandika "inang'aa" alikuwa Dalmar, na ndiye aliyelileta sanduku; Makungu, aliyekuwa nalo kabla yake, hakuulizwa. Akaulizwa kama aliiosha, akasema hakuiosha. Mwenzao mmoja akasema madereva wa teksi wana mazoea ya kupangusa kila kitu. Watu wakacheka, kicheko kisicho na furaha. Ikaamuliwa sanduku lisipite tena kwake.

"Hamjaniuliza," Dalmar aliwaambia akisimama. "Mmeniambia."

Akatoka. Dola yake mwenyewe aliiacha mezani. Mumbua ndiye aliyemkimbilia nayo mpaka nje.

Makungu anasema alinyamaza siku ile kwa sababu aliona haya. Wiki iliyofuata alinyamaza kwa sababu wiki moja ilikuwa imeshapita. Ukimya ukazaa ukimya, hadi miezi mitatu.

Kilichomvunja ni chai. Alikutana na Dalmar kwenye kituo cha teksi karibu na ule mkahawa. Kijana akashuka, akamwamkia kwa heshima, akamnunulia chai na kukataa katakata kulipwa.

"Mzee, siku ile kila mtu alinirukia. Wewe pekee hukusema kitu," Dalmar alimwambia. "Hiyo sitasahau."

Makungu aliinywa chai ile. Anasema hajapata kunywa kitu kichungu kama kile, na ilikuwa na sukari.

Siku hiyo hiyo alimweleza mkewe, Mwatima, na akaanza kuandika barua kwa Mumbua, mwenye kutunza orodha ya kikundi. Alichagua barua kwa sababu simu angeikata katikati. Ya kwanza aliichana. Ya pili Mwatima aliisoma yote, akavua miwani.

"Baba Raisa, ukurasa wa kwanza ni bibi yako. Wa pili ni ukwaju. Dalmar anaingia ukurasa wa tatu, tena chini," alimwambia. "Mtoe bibi, mtangulize Dalmar."

Ya tatu ina ukurasa mmoja. Inasema ni yeye aliyeiosha dola, na Dalmar hana kosa. Inaomba Dalmar aitwe Jumapili ijayo, barua isomwe yeye akiwapo, na sanduku lirudi kupita kwake. Inamwomba Mumbua achague moja katika dola zake nne, ijapokuwa anajua hakuna itakayokuwa ya Bethuel. Kwa nafsi yake haombi kitu. Akifutwa katika orodha, anasema, atakuwa amefutwa kwa haki.

Aliulizwa kama gazeti lifiche jina lake.

"Andika jina langu lote," alijibu. "La Dalmar lilitajwa lote. Ila usichapishe mpaka barua ifike."

Alasiri ya Alhamisi, akiwa bado na buti za kazini, anaikunja barua mara tatu na kuitia katika bahasha. Anailamba gundi, anaibana kwa kiganja, anabandika stempu ya daraja la kwanza. Kwenye sanduku jekundu la posta pameandikwa kwamba barua huchukuliwa saa kumi na moja na nusu. Imebaki robo saa. Anaitumbukiza, kisha haondoki.

"Namngoja mwenye gari la posta," anasema. "Najijua. Nikienda nyumbani nitarudi kumwomba anitolee."

Gari linafika. Kijana wa posta anafungua mlango mdogo, anazikumba barua zote kwenye mfuko wa kijivu, anaufunga mdomo, anautupa nyuma, anaondoka.