Petroli ya Upande wa Kushoto

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alitiwa shimoni kwa sababu gari lilizima. Hakuiba, hakumtukana mtu. Gari lilizima tu, kwenye mlima baada ya Kalunguta, njiani kutoka Beni kuja Butembo, na geji ya mafuta ikionyesha robo tangi. Wapiganaji wa msituni walikuwa wamejificha kwenye mikaratusi juu ya barabara. Walinzi wawili wakafa, na kamanda aliyekuwa ameketi nyuma akapona kwa kukimbilia kwenye mashamba ya mihogo. Alifika kwenye kizuizi cha kwanza kwa miguu, bila kofia, na kiatu kimoja. Watu waliokuwa pale walimtazama vizuri, halafu wakatazama pembeni. Nadhani hilo ndilo ambalo hakulisamehe.

Kamanda hakuwa mtu wa kwetu. Waasi walioutawala mji wakati ule walimleta kama walivyoleta kodi zao na nyimbo zao. Gari nalo halikuwa lake. Lilikuwa la tajiri mmoja wa kahawa, gari la Kijerumani, limezeeka kidogo lakini bado lina viti vya ngozi na dashibodi yenye kioo kinachoandika kwa herufi nyekundu. Tajiri alilitoa kwa hiari, hiari ya mtu aliyewekewa bastola mezani. Dereva akatolewa pamoja na gari, na huyo dereva ndiye shemeji yangu. Askari wakalipaka rangi ya kijani kwa brashi ya kupakia kuta, mpaka kwenye taa. Mimi ni fundi umeme wa magari. Nilipoliona siku ya kwanza lilinitia uchungu, kisha nikaona aibu kusikitikia bati wakati watu wanakufa. Lakini nilisikitika.

Shtaka lilikuwa rahisi kulielewa. Gari lenye petroli halizimi lenyewe, kwa hiyo dereva amelizima, kwa hiyo amepatana na adui. Gereza la kambini lilikuwa shimo lililochimbwa ardhini na kufunikwa kwa magogo. Dada alipeleka chakula kila siku, na kila siku walinzi walikila wao, wakamrudishia sufuria tupu na kumwambia kwamba bwana wake ameshiba. Ndipo akaja nyumbani kwangu, mtaa wa Bulengera, hajavua hata kitambaa cha kichwani kilicholowa mvua.

"Weye njo fundi," alisema. "Enda uulize ile gari juu ya nini ilizima."

"Yaya," nilimjibu, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "gari haiulizwe sawa mutu."

"Lakini weye mwenyewe ulisema! Ulisema ile gari iko na mambo inaficha."

Ni kweli, nilikuwa nimejisifu mbele yao siku moja tukila. Kabla ya vita nilifanya kazi Kampala, na huko fundi mmoja alinionyesha kwamba magari yale ya kifahari humwambia mwenyewe mambo machache tu: saa, joto la nje, kilomita. Mengine yamefungiwa. Ukibonyeza kitufe kidogo cha kufutia kilomita za safari huku unazungusha ufunguo, kisha ukaingiza jumla ya tarakimu tano za mwisho za namba ya chasisi, kioo kinakufungukia. Kinakuonyesha nguvu ya betri, joto halisi la injini, na lita za petroli zilizobaki. Wateja walitulipa ili wawaonyeshe wageni wao. Mimi niliona ni mchezo wa watu walioshiba.

Lakini zile lita hazionyeshwi kwa jumla. Tangi la gari lile limelala chini ya kiti cha nyuma kama suruali iliyotandazwa, mguu mmoja huku na mwingine kule, maana shafti inapita katikati. Injini inakunywa mguu wa kulia peke yake, na petroli ya kushoto inavutwa kwenda kulia kwa mrija mwembamba. Geji haijui hayo. Yenyewe inajumlisha miguu yote miwili na kukuambia una robo. Na petroli yetu ya wakati ule ilikuja kwa mabidoni, yale madumu ya plastiki, kutoka mpakani Kasindi, imechujwa kwa kitambaa au haikuchujwa kabisa. Mchanga ukiziba ule mrija, kushoto patakuwa na petroli, kulia pakavu, na gari litakufia mlimani na robo yako. Nilimweleza dada hivyo. Sikumwahidi kitu, ila aliondoka akitembea kama mtu aliyeahidiwa.

Asubuhi yake nilikwenda kambini. Nilimkuta kamanda anakunywa chai mbele ya nyumba aliyoichukua. Nilidhani atanifukuza, lakini aliposikia kwamba gari lake lina mambo ambayo yeye hajawahi kuyaona, aliweka kikombe chini.

"Iko na siri gani?"

"Afande, inaweza kuandika juu ya nini ilizima."

"Twende."

Gari lilikuwa palepale lilipoachwa na lori lililolivuta, na hakuna aliyeongeza petroli. Nilimshukuru Mungu kwa hilo. Nilifungua boneti, nikakwangua ile rangi kwa wembe juu ya namba ya chasisi, na askari mmoja akanisomea tarakimu kwa sauti. Nikajumlisha, nikaingia garini, nikaingiza ile jumla. Kioo kikakataa. Jasho lilinitoka, na kamanda ameketi kando yangu ananuka chai. Nikashuka, nikakwangua tena, na ile tatu aliyoisoma yule askari ikawa nane. Safari hii kioo kilifunguka. Nikapita mistari ya kwanza mpaka ule wa petroli: kushoto lita kumi na saba, kulia sifuri.

Nilimweleza kamanda habari ya suruali. Alisikiliza, alikuwa na akili, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Aliuliza maswali ya mtu anayeelewa. Kisha akasema:

"Hii ni maandiko tu. Unaweza kuandika weye mwenyewe."

Nikang'oa kiti cha nyuma. Chini yake kuna vifuniko viwili, nikavifungua vyote. Askari akavunja kijiti cha mkaratusi. Kamanda alikichukua mkononi mwake, akakizamisha kushoto, kikatoka kimelowa kupita nusu. Akakinusa, akakifuta, akakizamisha kulia. Kikatoka kikavu. Askari waliotuzunguka wakasema "Eeh!" kwa pamoja, na mmoja wao, kijana wa watu, akasema kwa sauti ya furaha kabisa: "Kumbe chauffeur hapana na kosa!"

Nami nilifurahi. Kwa kitambo kidogo nilimwona shemeji akitolewa shimoni, akioga, akila. Nilikuwa tayari natafuta maneno ya kumwambia dada.

Kamanda alirudi kwenye kiti cha mbele akakitazama kile kioo muda mrefu.

"Hii kufungua ni nguvu?" aliniuliza.

"Hapana, Afande. Mutu akijua, ni kazi kidogo."

"Donc, basi, inafunguka." Akageuka, akawatazama askari wake, si mimi. "Na ule chauffeur ni semeki yako, hapana?"

"Ni semeki yangu."

"Weye unajua hii yote na hukumwambia bwana ya dada yako? Alijua. Alijua upande moja iko kavu, akaendesha mupaka kwenye bale banamungojea."

Nilijibu. Sitaki mtu aseme sikujibu. Nilimwambia shemeji yangu hajui hata kubadilisha fyuzi, kwamba kile kioo kilikuwa kimefungwa tangu gari litoke kiwandani, na kamanda mwenyewe ameona kilivyonikataa. Nikamwambia hakuna dereva anayejipeleka penye risasi katika gari hilohilo. Mtutu wa bunduki ukanigusa mbavuni. Yule kijana aliyefurahi alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Funga hii kitu," kamanda alisema taratibu. "Hapana mutu ataiona tena."

Nikaifunga. Kulikuwa na walinzi wawili waliozikwa na kiatu kimoja kilichobaki shambani, na mji mzima uliojua habari yake. Dereva akiwa msaliti, kamanda ameponyoka kwenye njama kubwa. Dereva akiwa hana kosa, kamanda amekimbizwa na punje za mchanga, na hakuna mkubwa anayekubali kukimbizwa na mchanga. Aliuona ukweli, akachagua ile hadithi nyingine.

Walimpiga shemeji risasi siku hiyohiyo kabla jua halijazama. Walisema alijaribu kutoroka. Mtu aliyekaa shimoni siku zote zile bila kula hakuweza hata kusimama, lakini walisema hivyo, na sisi tuliambiwa tuje kuchukua mwili.

Wapo wanaoniambia mdomo uliponza kichwa, na kwamba ningenyamaza angeachiliwa siku moja. Wanaosema hivyo ni walewale ambao hawakuja kwenye matanga. Nawajibu kwamba nilifungua kilichofungwa na kusema nilichokisoma, na kama ukweli unaua, wakamuulize aliyeshika bunduki. Wananiita mkali. Ni kweli, mimi ni mkali.

Kwenye matanga tulikuwa wachache, kwa kuwa kumlilia msaliti ilikuwa kujitafutia shimo. Alikuja padri mmoja mzee, majirani wawili wanawake, na mama mzazi wa shemeji, aliyekuja kwa miguu kutoka upande wa Manguredjipa na matope mpaka magotini. Dada hakuwa amelia. Watoto wake walikuwa wamekaa ukutani kwa mstari, na mkubwa wao alikuwa ameanza kusikia jina ambalo shuleni wanamwita baba yake. Dada akanishika mkono akanisimamisha katikati ya nyumba.

"Sema mbele ya batoto. Gari iliandika nini?"

Nikasema. Kushoto kumi na saba, kulia sifuri. Nikawaeleza watoto mrija ni nini na mchanga unafanya nini, polepole, kama ninavyomweleza mteja. Mkubwa akauliza kama mtu aliye ndani ya gari angeweza kujua. Nikamwambia hapana. Akaitikia kwa kichwa, kisha akauliza tena, na nikamjibu tena.

Mama wa shemeji hakujua Kiswahili. Tangu alipofika alikuwa akilia kwa Kinande na kumwomba Mungu awasamehe wale watu, maana hawakujua walimuua nani. Akauliza nimesema nini, na dada akamfasiria. Yule mama alifuta uso, akanigeukia mimi, akaniuliza kama yule mkubwa wa askari aliyaona haya niliyoyaona.

Nikamwambia aliyaona. Kijiti alikishika kwa mkono wake mwenyewe.

Padri akaanzisha sala ya kuwaombea waliotukosea. Sisi tuliitikia, maana ndivyo tulivyofundishwa. Mama hakuitikia.