Fundi Kirit, aliyenitilia maiki ndani ya gitaa

Hadi sasa nahisi simu italia nisikie, "Nekesa, leta hiyo gitaa, nimewaza kitu." Fundi Kirit ametutoka Jumanne, jamani. Kichwa changu kinakataa kabisa.

Kesho tunamuaga. Bintiye Hetal alinipigia: "Auntie, please, play for Papa." Nikakubali kabla sijafikiria. Tangu hapo kila nikijaribu wimbo wa kumuagia nalia, na gitaa langu lina maiki ndani. Linasikia kila kitu.

Kwa wale hamkumjua: Mhindi wa Kisumu, fundi wa magitaa huku ughaibuni, hapa Kenton, workshop yake nyuma ya duka la vitambaa la shemeji yake. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, hakina aibu. Nikiingia tu anawaacha wateja wengine kwenye Kizungu chao, anaanza kuniuliza habari za nyumbani.

Nilimwendea nikitaka pickup peke yake, ile ya kunasa sauti ya nyuzi, inayokaa chini ya mfupa nyuzi zinapokanyaga. Kanisani kwetu Thamesmead ngoma zilikuwa zinanimeza.

Akanisikiliza nikipiga. "Pickup itasikia nyuzi. Na mbao, nani atazisikia? Na mkono wako?" Akaongeza maiki moja ndogo kama punje ya mahindi, ndani ya tumbo la gitaa.

Siku ya kulichukua nilimkosea heshima. Pickup peke yake, sawa. Maiki peke yake, sawa. Zikifunguliwa pamoja sauti inakonda, bass yote imeenda. Nimetoka shift wodini, subira sina, nikamwambia ameniharibia gitaa la pekee nililonalo, nililotoka nalo Bungoma.

Alishika bisibisi, akageuza swichi moja ndogo, akasema, "Piga." Sauti ikajaa chumba.

"Moja ilikuwa inasukuma, nyingine inavuta. Zote nzuri, lakini zilikuwa zinapingana. Sasa kunywa chai." Niliinywa nikiangalia sakafu.

Alinifundisha kuzichanganya. Penye kelele pickup ibebe kazi, maiki ishuke, la sivyo spika zinapiga mluzi. Pakitulia, maiki ipande. Mimi na ukaidi wangu nilimpigia simu kila Jumapili kumuuliza lile lile, na hakuwahi kuchoka.

Halafu kuna ile harusi. Ukumbi umetulia, MC anahutubu kama mbunge, nami nimeinamia gitaa namnong'oneza mwenzangu, "Huyu atatuua na njaa." Maiki ikachukua, watu mia na zaidi wakasikia. Nilimpigia Fundi kesho yake nikiwaka.

"Umesema uongo?" akauliza. Hapana. "Basi maiki haina shida." Akacheka mpaka akakohoa.

Alipolazwa mwezi uliopita nilimrekodia wimbo nikamtumia. Mgonjwa, lakini masikio mazima. Voice note ikarudi: "Maiki umeipandisha sana, Nekesa. Nasikia unapumua."

Nikamwandikia, pole Fundi, narekodi upya. Ikaja nyingine, fupi, sauti imechoka. "Hapana, iache hivyo. Huku nasikia mashine tu siku nzima. Niachie mtu."

Niliisikiliza nikiwa kituo cha basi nikashindwa kupanda basi.

Sasa jana dada wa sound wa ukumbi tutakaomuagia Fundi amenishauri kwa upole kabisa. Chumba ni kimya, anasema, tukizima maiki nikabaki na pickup peke yake, watu watasikia nyuzi safi na hakuna atakayejua nikilia. Ni ushauri mzuri na nilikaribia kuukubali. Nimemwambia hapana.

Maiki itakuwa juu. Nimefanya mazoezi, vidole vinajua njia, siogopi tena. Kilio kikiingia na kiingie, Hetal na ndugu zake wasikie kwamba baba yao alipendwa na mtu.

Fundi, asante kwa gitaa langu, kwa chai, na kwa kunivumilia nilipokuwa mjinga. Ulinifanyia kazi nzuri na nitaipiga mpaka mikono igome.

Kesho utanisikia napumua. Lala vyema, Fundi wangu.