Pai ya Matufaha na Mate ya Koko

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mikono yangu huacha kazi iliyokuwa ikifanya. Ni siku niliyopika pai isiyo na kasoro. Najua nasaha hutolewa na wazee, watu wenye mvi na magoti yanayouma, na mimi sina hata unywele mmoja mweupe. Lakini aliyestahili kukueleza haya hayupo tena, na nikingoja mpaka nizeeke, huenda nitakuwa nimejifunza kuyasimulia vizuri, nikajipamba. Afadhali uyajue sasa, wakati bado naona aibu.

Koko alikuwa mama yake babu yako, baba yangu mimi. Kwetu Waarusha wa upande wa Ngaramtoni, bibi huitwa koko. Yeye aliniita yeyo, yaani mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Wakati huo wewe ulikuwa ndiyo kwanza unasimama kwa kushika viti. Koko alikuja kwetu Lemara kwa ajili ya kliniki ya macho, akakaa nasi juma zima, na juma hilo lote hukutaka kubebwa na mtu mwingine.

"Nikiondoka Jumatatu nitamtemea huyu," alisema jioni ya kwanza, akikupapasa kichwa. "Nisimwache hivihivi."

Usishtuke. Kwetu mzee akikubariki hukutemea mate kidogo, umande tu, juu ya kichwa au viganja, huku akitaja mema anayokuombea. Maneno matupu hupeperuka, ndivyo Koko alivyosema. Mate huyafanya yashike. Mimi mwenyewe nilitemewa siku nilipokwenda shule ya bweni, na siku nilipoolewa. Nilikua nikijua hivyo, kama ninavyojua kwamba mlima Meru uko pale hata mawingu yakiufunika.

Sasa nikueleze nilivyokuwa. Upishi nilijifunza mwenyewe, kwenye simu, nikirudia video moja mpaka baba yako akaomba nipunguze sauti. Keki ikiinama upande mmoja nililia. Kweli, nililia chooni, nikifungulia maji nisisikike. Sikuwa na cheti cha upishi wala cha kitu kingine chochote, na mama mkwe wangu, nyanya yako wa Machame, alikuwa mwalimu mstaafu aliyewahi kusoma Uholanzi ujana wake. Tangu nilipoolewa, kila alipokuja kwangu alikunywa chai tu, akasema ameshiba. Usiku nilikesha nikijiuliza chai yenyewe ilikuwa na nini.

Mara moja tu nilimsikia akisifu chakula. Alisema huko Uholanzi kulikuwa na pai ya matufaha, nene, yenye chengachenga juu, na kwamba tangu arudi hajaionja tena. Basi. Aliposema atakuja Jumapili baada ya ibada, nikajiapiza kwamba ataikuta mezani.

Nilianza majaribio katikati ya juma. Nilinunua matufaha, epo za kijani, zile chachu, kwa kuwa nyekundu hulainika zikawa uji. Nikazimenya, nikazikata, nikachanganya na sukari, mdalasini, zabibu kavu na ndimu. Koko alikaa kwenye kigoda kando ya mlango wa jiko, wewe mapajani mwake, akinitazama kwa jicho lake zima.

"Yeyo, hiki ni nini?"

"Pai, Koko. Ya Kiholanzi."

"Hao Waholanzi hawana meno? Mbona wanayapikia matunda moto?"

Pai ya kwanza ilitota chini, maji ya matufaha yaliulowesha unga ukawa kama ugali wa mgonjwa. Nilitaka kuitupa. Koko akaniomba kijiko, akaila na chai, akalamba na kijiko. "Ukiharibu nyingine, niite," akasema. Ya pili niliiharibu kweli. Mikono yangu ina joto, na zile chenga za juu hutengenezwa kwa siagi baridi, unaifikicha na unga na sukari kwa ncha za vidole, polepole, kama mtu anayepukuchua mahindi. Kwangu siagi iliyeyuka, zikaiva zikawa kigae kimoja. Hiyo nayo Koko aliila, akakupa na wewe kipande. Leo nadhani zile pai mbili mbovu ndizo zilizoliwa kwa furaha kuliko zote nilizowahi kupika, ila wakati ule nilimkunjia uso. Niliona ananitania.

Jumapili sikwenda ibadani. Nililala bakuli la unga likiwa ndani ya friji, nikaamkia hilohilo. Nilitumbukiza vidole kwenye maji ya baridi kabla ya kufikicha, nikanyunyiza semolina, ile ngano ya kusagwa kwa chenga, chini ili inywe majimaji, nikapiga magoti mbele ya oveni nikiangalia kupitia kioo kama mtu anayesali. Na pai ikatoka, mwanangu. Ilisimama. Chenga zilikuwa na rangi ya mchanga wa mtoni, hakuna palipoungua, hakuna palipopasuka. Niliiweka mezani, nikaogopa hata kuipumulia.

Koko akasimama. Alikuweka chini, akajifunga kanga yake vizuri, akasogea mezani taratibu akinyoosha mikono mbele kwa sababu ya macho. Uso wake uling'aa. Nilidhani anataka kunusa. Kumbe aliinama juu ya pai, akaanza kwa sauti ya chini, "Engai, Mungu wetu, mikono hii ya mtoto wangu..." Nikaona midomo yake inakusanyika.

"Koko, usiteme!"

Nilipiga kelele. Nikaivuta pai kwa nguvu mpaka meza ikatikisika, na wewe pale chini ukaanza kulia. Nikaendelea, maana ulimi ukishateleza hauna breki: "Kuna wageni! Watakula uchafu?"

Neno hilo nililisema, mwanangu. Uchafu. Koko alibaki ameinama juu ya meza tupu. Kisha akanyooka, akapangusa mdomo kwa kiganja, ijapokuwa haukuwa na kitu. "Basi, yeyo," akasema. "Sikuona vizuri." Akarudi kwenye kigoda. Nami, badala ya kumfuata, niliikagua pai kama chenga zimemwagika.

Mama mkwe alifika mchana. Alikula. Alifumba macho kwa tonge la kwanza, halafu akasema, "Ndiyo hii. Binti yangu, ndiyo hii hasa," akaomba kipande kingine. Nilikuwa nimeingoja sentensi hiyo tangu siku ya harusi. Ajabu ni kwamba ilipokuja niliisikia kama inasemwa kwa jirani. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Alipojiandaa kuondoka akamgeukia Koko. "Mama, usituache hivihivi. Tubariki, hasa huyu mtoto. Sisi bibi yetu kule Machame alitutemea mpaka tukarudi nyumbani tumelowa!" Akacheka kwa moyo wote.

Koko naye alitabasamu kidogo, kwa heshima. "Mate yangu yamekauka, mama. Na watoto wa siku hizi wana sabuni nzuri."

Nikainuka kukusanya sahani. Mlangoni mama mkwe alinishika mkono, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Umemfanyia nini bibi yako?"

"Hakuna kitu, mama."

"Mtu mzee hakauki mate bure," akasema. "Mimi nilikuja kwako kuona watu, si kukagua sahani. Ingia ndani, ukapige magoti." Na akaenda zake.

Sikupiga magoti. Niliingia ndani nikaosha vyombo, kwanza vikombe, kisha sahani, kisha sufuria ambazo zilikuwa safi. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake nikamsindikiza Koko hadi kwenye gari la Ngaramtoni, nikiwa na maneno yote kichwani, nimeyapanga na kuyapanga upya kama ninavyopanga kila kitu, na kwa kuwa hayakuwa bado yamekaa sawa, nikasema tu, "Tutakuja Krismasi, Koko." Alikushika mguu mdogo uliokuwa unaning'inia mgongoni mwangu. Aliushika tu. Hakukutemea. Aliogopa kukuchafua.

Krismasi haikutusubiri. Shangazi Nembris, anayeishi naye, alipiga simu kabla ya mvua za vuli: Koko amepigwa kiharusi. Nilikubeba siku hiyohiyo. Tulimkuta kitandani, upande wa kulia umekufa, mdomo umevutwa kando, sauti hakuna. Lakini alinijua. Jicho lake zima lilinifuata nilipoingia na kusema shikamoo.

Nilipiga magoti, mwanangu, sasa ndipo nilipopiga. Nilimwambia yote, vibaya, bila mpangilio, kamasi zinanitoka. Nikakuinua, nikakiinamisha kichwa chako karibu na mdomo wake. "Koko, mtemee," nikamwambia. "Nakuomba. Mtemee mtoto."

Mate yalikuwa yanamtoka yenyewe pembeni mwa mdomo, kama yanavyowatoka wagonjwa wa namna hiyo. Yalikuwa yamefika kidevuni, yamebaki kudondoka. Nami nikasema moyoni, hata hayo yanatosha. Hapo Koko akauinua mkono wake mzima, kwa shida. Nilidhani anakuwekea kichwani. Akaishika pembe ya kanga, akaileta mdomoni, akaubana. Aliubana kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, akageuza uso ukutani, yasije yakakudondokea.

"Koko, acha," nikalia. "Koko, si uchafu."

Akatikisa kichwa. Bado alikuwa ananitii.

Shangazi alikuchukua, akatoka nawe nje. Tulimzika Koko shambani kwake, karibu na migomba, na pale kaburini wazee wengine walikutemea, kwa hiyo watu husema umebarikiwa. Mimi ninajua kilichopungua. Majuto ni mjukuu, walisema, na mjukuu ni mimi.

Sasa sikia ninalotaka kukuambia. Mzee akikuinamia, nawe inama. Usimpime kwanza. Kama mikono yake imetoka zizini, kama pumzi yake ina harufu ya ugoro, pokea anachokupa, utanawa baadaye, maji yapo. Uso unanawika. Neno likishaingia kwa mzee halinawiki, na yeye hatalitoa mbele yako ulione, atalibeba kimya mpaka mahali usipoweza kumfuata. Na ukikosea, omba radhi siku hiyohiyo, hata kwa maneno yaliyopinda. Mimi nilikuwa natafuta maneno yasiyo na kasoro, na kumbe msamaha hauhitaji mpishi. Tena usiwaogope watu kwa jambo ambalo wao wenyewe hawajalisema. Yule niliyemwogopa ndiye aliyekuja akiitaka baraka ya Koko.

Kazi yako uifanye vizuri, sikukatazi. Jitahidi. Ila ukiona kazi imekuwa nzuri kiasi kwamba mwenzako hawezi kuisogelea, jua imeharibika.

Mimi sijafika umri wa kumtemea mtu. Kwetu kinywa cha mama kijana hakina kazi hiyo, nami siwezi kujipa nisichopewa. Basi pokea maneno, ingawa ni makavu. Mungu akukuze. Akupe macho ya kumwona mtu kabla ya meza. Akujalie kukaa na wazee wengi, wakuite majina ya mama zao na baba zao, wakuchafue, wakulowanishe, uwe mtoto wa kila nyumba utakayoingia. Na pale nilipokuzibia mimi, Mungu apafungue mwenyewe. Amina, mwanangu.